Sura ya Sita: Mbwa Aliyebaki Kihambani

Mzee alizikwa Jumamosi chini ya migomba, hatua chache kutoka kaburi la mkewe. Jumatatu alfajiri watoto wake walipanda mabasi ya Dar es Salaam. Kufikia Jumatano nyumba ilikuwa na kufuli mbili, ng'ombe ameuzwa, kuku wamegawiwa majirani, viti na maturubai ya msiba yamerudishwa. Kila chenye thamani kilipata wa kukichukua. Mbwa hakutajwa.

Alikuwa jike, rangi ya udongo mkavu, ncha ya sikio la kushoto imekatika. Shangazi yangu, ambaye kihamba chake, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kimepakana na cha marehemu huko Kibosho, aliniambia kwamba kwa wiki mbili yule mbwa hakubanduka mlango wa jiko, pale alipozoea kumwagiwa makombo. Usiku alibweka kama kawaida yake, analinda nyumba isiyo na mtu. Wiki ya tatu akaanza kushuka barabarani. Mwezi wa pili nilimkuta njia panda, karibu na bucha, mbavu zinahesabika. Kijana mmoja aliyekula pilau ya msiba ule ule alimrushia jiwe. "Toka hapa, mbwa koko!"

Miezi miwili tu, na tayari amebadilishiwa jina. Neno koko linatudanganya. Linamfanya mbwa wa barabarani aonekane kabila jingine la mbwa, waliozaliwa jalalani na kuumbwa kwa ajili ya jalala, kama kwamba hakuna mtu aliyewahi kuwaita kwa jina wakaja. Ukipita Mbuyuni hapa Moshi soko likifungwa, au nyuma ya mabucha ya Majengo na Pasua, utawaona wanagombania mifupa, na ni rahisi kuamini kwamba hawana mwanzo. Lakini watafiti ambao wamewafuatilia mbwa wa Tanzania kwa zaidi ya miaka 20, hasa katika vijiji vinavyozunguka Serengeti, wamerudi na jibu lile lile kila mara: mbwa walio wengi wanaozurura wana kwao. Wana mtu anayewatupia ugali, wana geti wanalorudi kulala. Hata yule ambaye kweli hana kwao leo, yeye au mama yake alikuwa nako jana.

Kwa hiyo swali la kuuliza tunapomwona barabarani ni alitokea nyumba gani na ilikuwaje akatoka. Nimeuliza swali hilo Moshi kwa muda mrefu, mjini na juu vijijini, na majibu hayafiki hata matano.

Jibu moja ni hilo la Kibosho. Panda Machame, Uru, Marangu au Rombo mwezi wa Aprili uhesabu nyumba nzuri za matofali zilizofungwa madirisha. Wenyewe wako Dar, Arusha, Mwanza, Nairobi, wengine ng'ambo. Watarudi Desemba. Mbwa aliletwa alindie wazazi, na wazazi wakiondoka hakuna anayejua mbwa ni wa nani. Jibu la pili ni nyumba za kupanga mjini: mpangaji anahama Soweto kwenda Njoro, mwenye nyumba mpya hataki mbwa, na mbwa anaachwa uani kwa matumaini kwamba mpangaji anayekuja atampenda. La tatu ni geti. Tuna desturi ya kumfunga mbwa mchana na kumfungulia usiku, na usiku geti likiwa wazi anakwenda anakotaka. Wengi hurudi alfajiri. Wengine hugongwa na magari barabara ya Himo, wengine hupotea.

Jibu la nne ndilo linaloniuma kuliko yote, na nitakaa nalo.

Jike anapozaa, majirani huanza kupita. "Mama, una madume mangapi?" Hakuna anayeuliza majike. Vitoto vya kiume vinaahidiwa kabla havijafumbua macho. Mtu anataka mlinzi, na katika fikra zetu mlinzi ni dume. Hili si la Moshi peke yake. Karibu kila mahali vijijini Tanzania walikohesabiwa, madume ni wengi kuliko majike, ingawa wakati wa kuzaliwa hawapishani sana. Tofauti hiyo imetengenezwa na mikono ya watu. Vitoto vya kike ndivyo vinavyotiwa kwenye mfuko wa salfeti vikaachwa kando ya mto Rau, au kwenye uchochoro wa soko alfajiri kabla wachuuzi hawajafika, kwa matumaini kwamba mwenye huruma atapita. Vingi hufa wiki hiyo hiyo kwa njaa na baridi. Vichache hupona, na kwa kuwa ni majike, baada ya mwaka mmoja hivi vinazaa vyenyewe, barabarani, chini ya makontena na ndani ya makaravati. Tukimtupa jike kwa kuogopa vitoto vyake, tunakuwa tumeupeleka uzazi ule ule mahali ambapo hakuna wa kuuzuia.

Nimewahi kumuuliza mama mmoja wa Uru kwa nini alimtupa jike wake. Sikumuuliza kwa ukali, kwa sababu nilimwona ana uchungu.

"Mwanangu," aliniambia, "akipata joto, madume ya kijiji kizima yanakuja kulala getini kwangu. Yanapigana usiku kucha. Yananichimbia maharage. Halafu ananizalia sita, na mimi nina chakula cha mmoja. Wewe ungefanyaje?"

Hilo ni swali la haki. Jike hupata joto karibu mara mbili kwa mwaka, hubeba mimba kwa siku zipatazo 63, na anaweza kuanza kabla hata hajatimiza mwaka. Mama yule hakuwa na roho mbaya. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba daktari wa mifugo anaweza kumfunga mbwa kizazi. Alijua dume huhasiwa, kama beberu anavyohasiwa, lakini kwa jike hakuwahi kusikia. Nilipomweleza kwamba ni upasuaji mmoja, mbwa analazwa kwa dawa ya usingizi, anashonwa, anarudi nyumbani, na baada ya hapo hapati joto tena wala madume hayaji, alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama bado ataweza kubweka.

Atabweka. Jike aliyefungwa kizazi hulinda kama dume, na kwa uzoefu wangu hulinda vizuri zaidi, kwa kuwa hana sababu ya kuondoka nyumbani usiku. Dume asiyehasiwa huwa mlinzi hadi harufu ya jike aliye kwenye joto imfikie kutoka kijiji cha pili. Hapo huiacha nyumba na mwizi wake. Kama kuna neno moja ningependa litangazwe kanisani baada ya ibada, mahali ambapo matangazo yetu yote muhimu husomwa, ni hilo: jike ni mlinzi.

Wapo wanaoifanya kazi hii karibu nasi. Jirani zetu wa Arusha wana shirika la Mbwa wa Africa, linalookoa mbwa waliotupwa, kuwachanja, kuwafunga kizazi na kuwatafutia nyumba. Dar es Salaam kuna TAWESO, chama cha ustawi wa wanyama ambacho madaktari wake wamezoea kuwafuata wanyama mitaani badala ya kungoja waletwe. Lakini Moshi haiwezi kungoja gari lije kutoka Arusha. Tunao madaktari wa mifugo, tunao maafisa mifugo ngazi ya kata, na tunayo nguvu ambayo sijaona inatumika kwa jambo hili: kuchanga. Mtaa wenye nyumba mia unaochangia harusi, misiba na ukarabati wa barabara hauwezi kushindwa kumlipa daktari kwa Jumamosi moja, akafunga kizazi majike ya mtaa mzima. Majike wenyewe huwa si wengi, tumeshaona kwa nini. Mtaa ukianza na majike, bila hata kugusa dume mmoja, utaona tofauti kabla ya mwaka wa pili kwisha.

Njia nyingine tuliyoizoea ni sumu. Nilikuwa darasa la nne, katika mji ambao sitautaja, walipopita watu waliotumwa na mamlaka na ndoo ya nyama jioni. Asubuhi tulipokwenda shule mbwa walikuwa wamelala kando ya barabara, miguu imekakamaa. Mmoja alikuwa Simba wetu. Alikuwa amechanjwa, cheti chake kilikuwa kwenye kabati la baba, na usiku ule kamba yake ilikuwa imekatika. Baba alimzika nyuma ya nyumba bila kusema neno. Wiki mbili baadaye jirani alituletea kitoto kingine cha mbwa, kwa sababu nyumba bila mbwa haikai. Hakikuwa kimechanjwa.

Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nimeshuhudia sababu hasa ya sumu kushindwa. Shirika la Afya Duniani limeonya kwa miongo kadhaa kwamba kuua mbwa hakuzuii kichaa cha mbwa. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kiliua mbwa kwa wingi ugonjwa ulipoingia mwishoni mwa miaka ya 1990, na ugonjwa ukabaki. Kwenye kisiwa cha Bali nako walianza kwa kuua baada ya mlipuko wa 2008. Nafuu ilianza kuonekana walipogeukia chanjo ya kisiwa kizima, 2010. Ukiua mbwa unawaua na waliochanjwa, yaani unabomoa ukuta uliokuwa umeshajengwa. Wenye mbwa wanawaficha au wanawahamishia kijiji kingine, pengine na ugonjwa. Na mahali pa mbwa aliyekufa panajazwa na kitoto kisicho na kinga, kama kilichokuja kwetu.

Siwalaumu watu kwa kuogopa. Kichaa cha mbwa ni kifo kibaya, na dalili zikishaonekana hakuna hospitali inayomrudisha mtu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba Tanzania ilikuwa inapoteza watu wapatao 1,500 kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao watoto, na karibu wote waling'atwa na mbwa. Mtoto aking'atwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Asipelekwe kwanza kupakwa dawa za kienyeji, wala isingojewe hadi mbwa aonekane anaumwa. Nimeyaandika haya katikati ya sura ya mbwa waliotupwa kwa sababu hofu ya kichaa ndiyo inayoinua mawe. Mtaa ambao mbwa wake wamechanjwa hauna sababu ya kumuua mbwa asiye na mwenyewe. Huruma mtaani huanzia kwenye sindano.

Na sindano inawezekana. Pemba wametuonyesha. Kampeni za chanjo zilikiondoa kichaa cha mbwa kisiwani kufikia 2014, kikarudi 2016, chanjo zikarudi pia, na 2018 kikaondoka tena. Wanaojua hesabu zake wanasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, kila mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita. Kila mwaka, kwa sababu mbwa wetu wanaishi muda mfupi. Wale 70 wa mwaka jana, wengi wameshakufa, na mahali pao wapo vitoto. Hapa kuna kosa tunalolirudia: siku ya chanjo tunapeleka mbwa wakubwa, vitoto tunaviacha nyumbani tukidhani bado ni vichanga. Vitoto navyo vipelekwe. Vinachanjika, na ndivyo watoto wetu wanavyovibeba na kucheza navyo.

Tatizo la zamani lilikuwa friji. Chanjo inatunzwa kwenye ubaridi, na kijiji cha juu kisicho na umeme wa uhakika kilingoja timu ya wilaya ije na gari na boksi la barafu. Utafiti uliofanywa kwa mbwa wa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba chanjo ya kichaa iliyokaa miezi 6 kwenye nyuzi joto 25, au miezi 3 kwenye nyuzi 30, ilikinga sawa na iliyotoka kwenye friji. Baada ya hapo wataalamu walijaribu mkoani Mara kuihifadhi chanjo vijijini kwenye vyungu vya udongo vinavyopozwa kwa maji, ule ujuzi wa mtungi ambao bibi zetu waliujua, ili watu wa kijiji wenyewe wachanje mwaka mzima bila kungoja gari. Mimi nikisoma habari hiyo niliwaza miteremko yetu. Kama chungu kinafanya kazi kwenye joto la Mara, kitashindwaje Marangu, ambako usiku wa Julai tunalala na mablanketi mawili?

Nimewahi kukaa siku nzima kwenye uwanja wa shule ya msingi siku ya chanjo. Kilichonishangaza ni nani waliowaleta mbwa. Walikuwa watoto. Mbwa wakali ambao baba zao walisema hawashikiki walifika wakivutwa kwa kamba ya katani, kwa mkanda wa suruali, mmoja kwa khanga, na mtoto wa miaka tisa mbele. Pale ndipo nilipoelewa kile watafiti walichokuwa wanasema. Mbwa ambaye mchana tunamwita koko kuna mtoto anayeweza kumvalisha khanga shingoni.

Kinachohitajika nyumbani si kikubwa. Maji safi, ambayo mbwa wengi wa kufungwa hawana mchana kutwa. Ugali wa dona na dagaa, au pumba iliyopikwa na mabaki ya bucha. Kivuli, na mnyororo mrefu kuliko tunavyoweka. Mkanda shingoni, hata wa kitambaa, ili akipotea ionekane ana watu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka anayefuga mnyama amkinge na mateso, ila sijaona mbwa aliyelishwa na sheria. Wanalishwa na mtu anayeamka asubuhi na kukumbuka. Kwa wenye mabucha na wauza chipsi nina ombi moja, mifupa na makapi yafunikwe. Jalala la wazi linakusanya mbwa wa mitaa mitatu mahali pamoja, wakapigana na kuambukizana.

Nimeulizwa mara nyingi, hasa na ndugu zangu Waislamu wa mjini, kama haya yote yanawahusu wasiofuga mbwa. Tuna msemo kwamba ukicheza na mbwa atakufuata msikitini, na ninauheshimu mpaka uliowekwa na dini ya mtu. Lakini katika mafundisho hayo hayo kuna habari ya mtu aliyemkuta mbwa analamba tope kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Haikusemwa kwamba alimfuga. Mzee mmoja jirani yangu hapa Majengo, hajawahi kugusa mbwa maisha yake yote, huweka bakuli la maji nje ya ukuta kila kiangazi. Kwangu huyo ni mtetezi wa mbwa kuliko wengi wenye mageti.

Bado kuna suala la zile nyumba zilizofungwa, na hapo nina pendekezo ambalo ni letu kabisa. Desemba watu wote wanapanda nyumbani. Baada ya Krismasi, nyama ikishaliwa, ukoo unakaa kikao: nani atabaki na mama, nani atamlipa mlinzi, mpaka wa kihamba uko wapi, kahawa ing'olewe au ibaki. Mbwa awe ajenda. Ni wa nani mwaka huu? Nani anatuma hela ya chakula chake? Amechanjwa lini? Tukifunga nyumba anakwenda kwa nani, na huyo nani amekubali mbele ya wote? Ni dakika tano. Watu watacheka mwaka wa kwanza. Kwa desturi yetu kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya baba, na anayerithi nyumba amerithi na anayeilinda.

Yule wa Kibosho alipata kikao chake kwa kuchelewa. Shangazi alimrudisha kutoka njia panda kwa kipande cha utumbo, siku tatu mfululizo, hadi akakubali kuingia ndani ya ua. Tulichanga, mimi na yeye na jirani wa ng'ambo ya mfereji, daktari akaja kumfunga kizazi na kumchanja. Desemba ilipofika watoto wa marehemu wakarudi. Kwenye kikao kifungua mimba aliuliza, kwa sauti ya mtu anayekumbuka kitu alichokisahau jikoni, "Yule mbwa wa baba alikwendaga wapi?" Shangazi akaeleza. Hakuwasema. Kitinda mimba aliinamisha kichwa, kisha akasema yeye atatuma hela ya chakula kila mwezi, na kijana anayefyeka majani ya kihamba atamlisha pale pale kwa baba, mlango wa jiko.

Pasaka iliyofuata kitinda mimba huyo wa Dar alifika saa tano usiku. Aliposhuka kufungua geti, mbwa alitoka gizani anabweka, manyoya yamesimama, akasimama kati yake na nyumba. Hakumruhusu apite. Ilibidi shangazi atoke na taa, akiwa amejifunga khanga, amwite mbwa kwa jina na kumwambia, "Tulia, mama. Huyu ni wa hapa."